Ghala la Mbata na Mabomba Yake

Mwenye shamba la minazi wa pwani ya kusini, enzi hizo, alipojenga ghala hakumwogopa sana mwizi. Aliogopa unyevu. Mbata, ile nazi iliyokaushwa, ikishika maji huota ukungu, na ikiota ukungu mnunuzi wa Mombasa huikata bei au huikataa kabisa. Kwa hiyo ghala lilijengwa ili lipumue. Kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mwanya wa kupitisha upepo kati ya kichwa cha ukuta na paa, matundu madogo huku na huku, sakafu iliyoinuliwa juu ya ardhi. Ndani, safu mbili za nguzo za mbambakofi. Juu ya nguzo, boriti za mkoko zilizobeba dari palipopangwa magunia. Juu zaidi, makombamoyo na makuti. Hapakuwa na bomba, karo wala choo. Tone la maji lililoingia mle liliingia kwa bahati mbaya, na lilifutwa siku hiyohiyo.

Nataka kusimulia kisa cha ghala moja la namna hiyo lililogeuzwa nyumba za kupanga. Watu wake nimewatunga, basi usiende Msambweni kuulizia ni kina nani. Makosa yao sikuyatunga. Kila kosa lina nyumba yake hapa Pwani, na moja lina jumba ambalo dunia nzima inalijua.

Mrithi wa ghala alikuwa kijana wa makamo, mfanyakazi wa bandarini Mombasa. Babu yake alimwachia ghala na minazi michache iliyochoka. Kwa miaka mingi hakulijali: popo walilala darini, mbuzi wa majirani walijikinga mvua mlangoni. Kisha barabara ya Dongo Kundu ikafunguliwa, watu wakaanza kufika Diani bila kupanga foleni ya feri Likoni, na bei ya kila chumba chenye kitanda na feni ikapanda. Wageni siku hizi hawataki chumba tu. Wanataka chumba chenye historia, chenye boriti zinazoonekana, wazipige picha. Kijana akachukua mkopo benki akaamua: nyumba sita, tatu chini na tatu darini, kila moja na choo chake, bafu lake na jiko lake.

Kabla ya kuanza alimwita mzee mmoja fundi wa Gazi, aliyekuwa akilitengeneza paa la ghala hilo tangu zama za babu yake. Alimwita kwa heshima zaidi kuliko kwa ushauri, na mzee alilijua hilo tangu alipotelemka kwenye bodaboda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo na watoto?"

Walipanda darini. Mzee akatoa msumari wa inchi sita mfukoni, akausukuma kwenye ubavu wa boriti moja kwa kiganja. Haukuingia. Akaenda boriti ya pili na ya tatu, na kila mara aliuchomeka mahali pamoja: pale boriti inapozama ukutani. Katikati ya boriti hata hakupagusa. Kisha akauliza vyoo vitakaa wapi.

"Vitatu huku juu, vitatu chini."

"Na maji?"

"Tutaweka tangi nyuma, babu, na bomba zitapanda hapa."

"Nimesikia yatakavyoingia. Nauliza yatakavyotoka."

Kijana alicheka kidogo, akasema hiyo ni kazi ya fundi bomba. Mzee hakubishana. Alikunywa chai, akapewa nauli, akaondoka. Kazi ikapewa fundi wa Ukunda, kijana hodari, aliyekuwa amejenga nyumba nyingi za matofali na zege na hakuna hata moja iliyokuwa imeanguka.

Hapo ndipo penye mtego, na sioni haya kumtetea fundi huyu. Alifanya kila alichofundishwa. Ila alifundishwa kwa nyumba ya aina nyingine.

Kwanza alibandua chokaa ya zamani iliyokuwa ikimeng'enyuka, akazipiga kuta plasta ya saruji nje na ndani. Zikapendeza, zikanyooka. Lakini ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji wakati wa masika na kuyarudisha hewani kaskazi ikianza kuvuma. Ni ukuta unaoishi kwa kulowa na kukauka. Saruji ni ngumu na haina subira: ukuta ukicheza kidogo yenyewe hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, mvua ya Mei hupenya kwenye nyufa hizo, na ikishapenya haina pa kutokea. Mchanga wenyewe uliletwa na lori usiku, wala hakuna aliyeuonja. Kama ulichotwa ufukweni, chumvi yake nayo ilikuwa ndani ya ukuta tayari, ikingoja kuisukuma plasta kwa nyuma.

Pili aliziba mwanya wa juu ya ukuta, kwa sababu mgeni hataki kulala na popo. Chini ya makuti akatandika nailoni, chini ya nailoni akapigilia dari ya jipsamu, na kati ya viwili hivyo akapitisha nyaya za umeme. Kuhusu moto sitasema mengi. Hoteli za makuti za pwani hii zimewahi kuungua, na kaskazi ikiwa kali mtu na ndoo yake hana lake.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, alikata mitambaapanya miwili. Ile miti inayokatiza kutoka ukuta hadi ukuta chini ya paa ilikuwa imekaa kimo cha paji la uso, na mpangaji wa darini angejigonga kila akienda chooni. Kwa macho ya fundi wa zege, mti uliolala pale juu bila kubeba kitu ni mti wa bure. Kumbe haubebi: unashika. Makombamoyo ya paa lenye mteremko mkali husukuma kuta ziende nje, mchana na usiku, na mtambaapanya ndio unaozizuia zisiachane. Maghala mengi ya mbao duniani yana mti wa namna hiyo. Uingereza, ambako maghala ya mwaloni ya wakulima yamekuwa yakigeuzwa makazi kwa miongo kadhaa, hadi mwaka 2014 serikali ikalegeza sheria ya vibali ili kazi hiyo iwe rahisi, mti wa kwanza kuutolea macho mwenye nyumba ni huohuo, kwa sababu hukaa palepale anapotaka kupitisha mlango. Na wao pia walizipaka saruji kuta zao za chokaa, wakaja kukuta mwaloni wa karne nyingi umelainika kwa ndani. Chama cha kutetea majengo ya kale kilichoanzishwa na William Morris mwaka 1877 kinahubiri chokaa mpaka leo, na mpaka leo wapo wasiosikia.

Nne, vyoo. Juu ya boriti za mkoko ilimwagwa zege la inchi tatu, likafuatiwa na vigae. Fanya hesabu mwenyewe: bafu la mita mbili kwa moja na nusu, zege la unene huo, ni zaidi ya nusu tani kabla hujaweka sinki wala mtu. Tangi la lita elfu moja likijaa ni tani nyingine, nalo halikukaa nyuma kama ilivyosemwa. Lilipandishwa darini ili maji yashuke kwa nguvu. Utasema mbata nayo ilikuwa nzito. Kweli, lakini mbata ilikuja na kuondoka, na ilipokuwepo ilikuwa kavu.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda. Picha zilitoka vizuri mno, boriti zimepakwa vanishi, taa za manjano zimefichwa pembeni. Wageni waliandika kwamba wamelala katika historia.

Masika yaliyofuata, alama ya kahawia ilitokea kwenye kona ya jiko la chini, chini kabisa ya bafu la darini. Ikapakwa rangi. Ikarudi, ikapakwa tena, safari hii rangi ya mafuta, ambayo ilifunga hata ule upenyo mdogo uliobaki. Kisha mlango wa nyumba ya nne ukaanza kugoma. Fundi akaitwa, akaupiga randa, ukafunga. Miezi michache baadaye ukagoma tena, akaupiga randa tena. Hakuna aliyeuliza kwa nini mlango uliokaa sawa mwaka mzima unanenepa. Mlango haukunenepa. Fremu yake ilikuwa inakwenda na ukuta, na ukuta ulikuwa unakwenda nje, kwa sababu mitambaapanya miwili haikuwepo tena kuushika.

Sasa naomba nitoke Msambweni kidogo, niende Unguja, kwenye lile jumba nililolitaja mwanzo.

Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Mji Mkongwe, ilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883. Ilikuwa na umeme na lifti wakati ambapo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haikujua kimoja wala kingine. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga mizinga ikulu iliyokuwa jirani yake, vita vikaisha kabla saa moja haijatimia. Jumba la jirani likaangamia, Beit al-Ajaib ikabaki imesimama. Ikawa ofisi za serikali, baada ya mapinduzi ya 1964 ikatumiwa na chama tawala, baadaye ikawa makumbusho. Kila mwenye nayo aliipa kazi mpya, na paa likaendelea kuzeeka. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka na jengo likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya ukarabati uliogharamiwa na Oman, upande wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walikufa. Jengo lililookoka mizinga halikuokoka kusubiri.

Mtu anaweza kusema hilo ni jumba la kifalme, halina uhusiano na ghala la babu. Basi atembee hatua mia moja kuingia vichochoroni. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa baada ya 1964 na kugawiwa familia kadhaa, kila moja na chumba au viwili. Nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja ikahitaji majiko kadhaa na vyoo kadhaa. Vyumba vyake vilikuwa vyembamba, yapata mita tatu, kwa sababu boriti ya mkoko haiendi mbali zaidi ya hapo bila kunepa, kwa hiyo bafu jipya liliegemea ukuta, yaani liliegemea kichwa cha boriti. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985 ikakuta nyumba zilizopasuka na zilizokwisha kuanguka, na hata mji ulipoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 kazi ilikuwa bado. Watu husema nyumba zile ziliuliwa na umaskini. Umaskini ulikuwepo, sikatai. Ila ukimfuata fundi mwenye msumari ukutani, atakuonyesha bomba linalovuja.

Mkoko una sifa yake. Gome na mti wake vimejaa dawa ya asili ile iliyotumika kutengenezea ngozi, mchwa hawaupendi, na ukikaa mkavu huweza kumzika aliyeukata, mwanawe na mjukuu. Lakini kichwa cha boriti kilichozama ndani ya ukuta wenye maji hakiozi kwa mchwa. Huoza kwa ukungu, polepole, gizani, huku ubavu unaoonekana chumbani ukiwa umepakwa vanishi na uking'aa. Mchwa huja baadaye, mti ukishalainika. Ndiyo maana yule mzee hakupoteza muda na katikati ya boriti.

Ghala la Msambweni lilianguka usiku wa mvua mwezi wa Mei. Si ghala lote, kona tu: bafu la nyumba ya nne lilitelemka na vigae vyake vyote mpaka jikoni kwa mpangaji wa chini. Mpangaji huyo alikuwa muuguzi na usiku ule alikuwa zamu. Alirudi asubuhi akakuta sinki la jirani limekaa juu ya jiko lake la gesi. Wa darini walikuwa wamelala chumba cha pili, walitoka kwa ngazi wamejifunga shuka. Hakuna aliyekufa, na kwa kuwa hakuna aliyekufa, mwenye ghala wiki nzima aliita tukio hilo "ile hitilafu ya bomba." Hapo hakukosea sana.

Mzee aliitwa tena, na safari hii hakupewa chai kwanza. Alishika kichwa cha boriti iliyoanguka akakikamua, nacho kikatoa maji. Robo tatu ya mti ule ilikuwa nzima kabisa, ngumu ya kuvunja msumeno. Mkono mmoja tu wa mwisho, uliokuwa ndani ya ukuta, ulikuwa umekuwa ugali. Boriti saba zilikuwa hivyo, zote za upande wa mabafu. Za upande wa vyumba vya kulala hazikuwa na tatizo lolote.

"Tutafute mikoko mingine Gazi," kijana akasema.

Mzee akamtazama kama mtu aliyeagiza nyama ya kiboko. Mikoko ya ghuba ya Gazi ilifyekwa sana miaka ya 1970 kuwa kuni za matanuri, na sehemu nyingine haikurudi yenyewe hata baada ya miaka ishirini. Ilibidi watafiti na wanakijiji waipande kwa mkono. Tangu 2013 wenyeji wa Gazi na Makongeni, kupitia Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu huo, na fedha zake zimelipia maji na vitabu vya shule. Mtu akionekana na shoka mle leo hatashitakiwa na serikali peke yake, atashitakiwa na shangazi zake. Kijana akataja mvinje. Mvinje hupatikana, umenyooka na bei yake si mbaya, lakini ukilowa ukutani hautangoja miaka.

Mzee hakuhitaji boriti mpya hata moja. Alikata vichwa vilivyooza, akapitisha mhimili wa mbao ngumu kando ya ukuta, nje ya ukuta na si ndani yake, ukakalia nguzo fupi, na boriti zilezile zikauegemea. Sasa ukuta ukilowa unalowa peke yake. Mitambaapanya miwili ikarudishwa mahali pake, na mpangaji wa darini atajifunza kuinama. Zege likavunjwa, tangi likashushwa chini, nyaya zikatolewa chini ya makuti zikapitishwa ndani ya bomba zake ukutani. Mabafu yote yakatolewa ghalani. Yakajengwa nyuma, kwenye jengo dogo la matofali lenye msingi wake, limeunganishwa na ghala kwa ukumbi wenye paa, na shimo la maji taka likachimbwa upande wa mteremko. Nyumba sita zikawa nne.

Mtu atauliza kama hakuna wa serikali wa kuzuia mambo haya. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inalinda majengo yaliyotangazwa rasmi, mfano Msikiti wa Kongo pale Diani, mto Mwachema unapoingia baharini. Ghala la mbata la babu yako halikutangazwa na mtu. Kaunti itaangalia ramani yako, na kwenye ramani boriti ni mistari miwili tu. Haina kichwa kinachooza.

Iliyobaki ni plasta. Saruji ilibanduliwa kwa patasi, kazi ya vumbi na matusi, na kila ilipobanduka ukuta nyuma yake ulikuwa na rangi nyeusi ya maji. Fundi wa Ukunda alirudi kufanya kazi hiyo, na namsifu kwa hilo, maana wengi wangebadilisha namba ya simu. Alifundishwa na mzee kuroweka chokaa shimoni na kuiacha ilale, kuichanganya na mchanga wa mtoni uliooshwa, kupaka tabaka jembamba, kungoja, kulowesha, kupaka jingine. Alilalamika kwamba kwa muda huohuo angekuwa amemaliza nyumba mbili za ghorofa. Mzee akamwambia amalize, hakuna aliyemkataza.

Mwenye ghala alikuja Jumamosi na karatasi ya benki mfukoni. Alitaka kujua wapangaji waingie lini.

"Ukuta ukikauka," mzee akasema. "Kaskazi ikianza. Desemba hivi."

"Babu, benki haingoji kaskazi."

"Basi waambie hao wa benki waje waupepee."